Mahindi ya Mama Neema

Jumapili, mwezi wa tatu. Nje hakuna mvua wala jua. Ni ile hali ya Guangzhou ya kila mwaka majira kama haya: kuta zinatoka jasho, kioo cha bafuni kinachuruzika, nguo zinakaa kwenye kamba siku nzima na bado ukizivaa unasikia ubaridi mgongoni. Nimefuta sakafu tangu asubuhi sijui mara ngapi. Bado inateleza.

Siwezi kutulia. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, naenda jikoni. Nikifika jikoni, nasahau nilichofuata. Nasubiri kuche Meksiko ili nipige simu. Huku kwetu bado jioni, kwao watu wamelala. Nimeamua kuandika, walau mikono iwe na kazi.

Kwa anayesoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Songea, nimesoma mpaka kidato cha nne. Hapa kazi yangu ni uwakala. Wafanyabiashara wa nyumbani wakifika nawapokea uwanja wa ndege wa Baiyun, nawapeleka kwenye vitambaa Zhongda au kwenye nguo Shisanhang, nawapigania bei, nawafungia mizigo. Nina mtoto mmoja, Neema, wa miaka sita. Mama yake, Rosaura, alikuwa mtu wa Meksiko. Alifariki mwaka jana.

Hiyo sentensi ya mwisho nimeshaiandika hapa mara nyingi. Kila mara naifuta kwanza, kisha naiandika upya.

Tulikutana Zhongda. Alikuwa ananunua lesi za kupeleka kwao, mimi nanunua kwa ajili ya mteja wa Mwanza, na jora lililobaki lilikuwa moja. Tuligombana kwa Kichina kibovu, kila mmoja na kibovu chake, mwenye duka akicheka mpaka akaacha kula. Mwishowe Rosaura akachukua mkasi, akalikata jora katikati hata kabla hatujakubaliana bei. Alikuwa na pini mbili mdomoni na akazungumza nazo vilevile. Mpaka leo nikiona pini kwenye kola ya mtu namwangalia mara ya pili.

Mwili wake ulisafirishwa kwao, mji mmoja mdogo wa milimani huko Oaxaca. Watanzania wa hapa walichanga, wenzake wa Meksiko walichanga. Msiba wa hapa ulipoisha, mimi na Neema tulirudi nyumbani na sufuria, tukabaki wawili.

Sasa hili la leo.

Wiki mbili zilizopita mama mkwe, Bibi Eulalia, alinitumia ujumbe wa sauti. Kihispania changu ni cha kuokoteza, lakini yeye husema taratibu kwa ajili yangu, kama anayempa mtoto dawa. Alisema: "Mwanangu, sikulaumu kwa lolote. Lakini kaburi la mama yake liko huku. Nyumba aliyozaliwa mama yake iko huku. Chakula chao kiko huku. Huko mtoto atamkumbuka mama yake kwa kitu gani? Niletee nimlee." Shule ya pale kwao inaandikisha watoto, kwa hiyo anataka jibu Jumapili hii. Yaani leo.

Sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa afadhali. Nilimwona ana haki.

Maana Kihispania cha Neema kinapungua. Shuleni ni Kichina, nyumbani na mimi ni Kiswahili. Bibi yake akimuuliza jambo kwenye simu, ananigeukia mimi nimfafanulie, mimi ambaye nusu yake sijaelewa. Siku ile baada ya ujumbe nilimuuliza kama anakumbuka chakula alichokuwa anapika mama. Akafikiri, kidole kimoja puani. Akasema, "Nakumbuka kilikuwa cha duara."

Cha duara.

Nilienda kusimama kwenye ngazi za jengo, nikajifanya natupa taka.

Alichokuwa anasema ni tortilla, mkate wao wa mahindi. Mimi nilizoea kuuita chapati ya mahindi, na Rosaura alinuna kila nilipouita hivyo. Alikuwa anautengeneza kwa unga maalumu ambao wenzake walimletea kwenye masanduku. Unga ukiisha, nyumba inakuwa na baridi mpaka mtu mwingine asafiri. Pakiti ya mwisho aliimaliza kabla hajalazwa hospitali. Sikujua kama ndiyo ya mwisho. Niliikunja nikaitupa.

Basi nikajiwekea sharti. Nilisema moyoni: nikiupata huo mkate katika mji huu, ule wenyewe hasa, Neema anabaki. Nikiukosa, anaenda kwa bibi yake. Mtu mzima, na akili zangu, naamua maisha ya mtoto kwa chapati. Sikumwambia mtu.

Tulianza na mgahawa. Tianhe, kwenye yale majengo ya vioo, kuna mahali pamejaa kofia pana ukutani na muziki wa tarumbeta. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mchangamfu, akatuapia kwamba chakula chao ni cha asili kabisa, wateja wote wanakisifu. Kikaja kitu kigumu kilichokunjwa, ukiking'ata kinavunjika kama papadi, ndani nyama imetiwa sukari na vipande vya tango. Nikamuuliza kama jikoni wanachemsha mahindi wenyewe. Akaenda kuuliza, akarudi anatabasamu: mei you, hamna, vinakuja kwenye boksi. Neema alikula viazi vya kukaanga. Kwenye treni akaniuliza kwa nini wale watu wanaanika chakula.

Mtandaoni niliagiza unga wenye picha ya kaktasi, ule mmea wa miiba wa jangwani. Ulipofika ulikuwa wanga, ule mweupe wa kuifanya supu iwe nzito. Niliurudisha.

Hapo ndipo kiburi kikaniingia. Nikajiambia, hivi mimi mtoto wa Songea nahangaika na mahindi? Nimepukuchua mahindi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nimekula mahindi mabichi, makavu, ya kuchoma, makande, ugali, uji, togwa. Nani wa kunifundisha mahindi?

Nikaenda Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kwenye duka la Mkongo, nikanunua sembe. Nikakanda kwa maji ya moto, chumvi na mafuta kidogo, nikachukua msukumio nikasukuma kama chapati. Ukapasuka kama udongo wa kiangazi. Nikazidisha mafuta, ukazidi kupasuka. Nilivyovitoa kwenye kikaango vilikuwa vipande. Neema alivila kwa kijiko, kwa adabu, halafu akauliza, "Baba, hiki ni kiporo cha ugali?"

Nilimpigia bibi yake kumuuliza wanafanyaje. Sikumwambia kwa nini nauliza. Alicheka, na mimi nikagundua sijamsikia akicheka tangu msiba. "Unga mkavu? Hapana, mwanangu. Unachemsha punje nzima, unatia chokaa, unaziacha zilale humo. Asubuhi unaziosha ndipo unasaga. Ule unga wa Rosaura ulishapikwa hivyo kiwandani."

Chokaa. Nilimwomba arudie. Akarudia, akaniambia kwao wanaiuza sokoni, nyeupe, ya mawe yaliyochomwa.

Chokaa naijua. Kila Krismasi ilipokaribia tulipaka kanisa la kigango chetu kwa chokaa, na iliyobaki ikapaka vyoo vya shule na mistari ya uwanja wa mpira. Nikaona haiwezekani. Huyu mama atakuwa anasema kitu cha jamii hiyo, lakini si hicho. Na sisi nyumbani makande yakiwa magumu tunatia magadi. Nikaamua anamaanisha kitu kama magadi. Duka la chini la mama wa Kichina lina maji ya magadi kwenye chupa, wanayatia kwenye zongzi, ule wali wa kunata wanaoufunga kwa majani. Nikanunua chupa moja na mahindi makavu, nikachemsha jioni nzima, nimeridhika kabisa na akili yangu.

Mahindi yalilainika, siyo siri. Yalilainika mpaka yakawa ya njano, yanateleza kama sabuni. Na ladha pia ya sabuni. Donge halikushikana, linanata vidoleni na halitaki kunata lenyewe kwa lenyewe. Neema alinusa tu. "Baba, inanuka zongzi." Akasogeza sahani pembeni, akaomba wali.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Usingizi ulianza kunikimbia. Nilikuwa nafungua kabati lenye nguo za Neema na kulifunga, najiuliza sanduku lipi litatosha.

Ijumaa nilikuwa Zhongda na Bi Zuhura. Ni mfanyabiashara wa Unguja, mtu mzima, anakuja kununua vitambaa vya madera, na haendi sokoni bila mimi kwa sababu, anasema, mimi ndiye mtu wa bara pekee anayejua kunyamaza. Siku hiyo nilimpeleka duka lilelile ambalo tulikuwa tumetoka. Akasimama mlangoni.

"Baba Neema, leo umekuja mwili tu. Roho umeiacha wapi?"

"Shikamoo tena, Bi Zuhura. Nisamehe."

"Marahaba tena. Sasa kaa hapo useme."

Nikamsimulia yote: bibi, kaburi, mgahawa, sembe, magadi, sharti langu. Hadi nafika kwenye magadi alikuwa ameshakaa juu ya jora la satini, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ya kicheko.

"Magadi! Nyie watu wa bara kila kitu magadi. Mkweo kakwambia chokaa, weye watia magadi. Mtu mzima yule akuongopee ya nini?"

"Lakini Bi Zuhura, chokaa ni ya kupaka ukuta."

"Ya ukuta?" Akafunua midomo, nikaona wekundu wa tambuu. "Na hii nitafunayo tangu sijaolewa? Mie ukuta?"

Akafungua mkoba, akatoa kijaluba: majani yamefungwa kwa kitambaa kibichi, popoo, na kikopo kidogo cha chokaa nyeupe, laini kama mtindi. Mwenye duka akasogea kuchungulia. Akafurahi sana. Kwao Hainan, alisema, wazee wanatafuna vilevile, jani na popoo na chokaa, naye akanyoosha mkono aonjeshwe kidogo. Bi Zuhura akafunika kikopo.

"Bu yao, bu yao! Sitaki! Hii ya mtoto."

Mwenye duka akacheka, na nadhani ndiyo sababu alitupunguzia bei ya satini. Bi Zuhura akanifungia chokaa kwenye mfuko wa nailoni, kijiko kimoja tu, akanionya nisizidishe, nikizidisha nitamchoma mtoto mdomo. Halafu akaacha kucheka.

"Lakini sikiliza, baba. Mtoto usimpe mtu kwa sababu ya chapati. Wala usimnyime mtu kwa sababu ya chapati. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Sikuwa nimesikia. Nilikuwa naangalia ule mfuko.

Jana nilinunua mahindi meupe, nikayachemsha na chokaa kwa moto mdogo. Baada ya muda maganda yakaanza kuachia yenyewe, na mvuke ukajaa jikoni. Nikajua. Ile harufu naifahamu. Ni ya ukuta uliopakwa chokaa halafu ukanyeshewa. Na ni ya mikono ya Rosaura. Jioni hata akinawa kwa sabuni ilibaki kwenye vidole, na mimi miaka yote ile nilidhani ni wanga wa vitambaa vipya vya Zhongda. Sikuwahi kumuuliza.

Nilipunguza moto, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

Leo tulipotoka misa niliosha punje, nikasaga kwa mashine ya mkono ya nyama, mara mbili. Donge likashikana. Safari hii sikutia mafuta, sikugusa msukumio. Niliweka tonge katikati ya karatasi mbili za nailoni, nikagandamiza kwa kikaango kizito. La kwanza likaenda upande kama ramani. La pili afadhali. La tatu, kwenye kikaango kikavu, likavimba katikati kama linapumua, na nikapiga ukelele hadi Neema akaja mbio akidhani nimeungua.

Nilikuwa nimepika maharage. Nikaandaa meza vizuri, nikaukata mkate vipande vinne kama tunavyokata chapati, nikavipanga pembeni ya maharage, nikakaa mbele yake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Neema akaangalia sahani. Akaniangalia.

"Siyo hivyo, Baba."

Nilianza kumwambia ni chokaa ya kweli, mahindi ya kweli, bibi mwenyewe ndiye aliyenielekeza. Hakunisikiliza. Alishuka kwenye kiti, akaenda kwenye kitambaa nilichofunikia mingine, akachukua mzima, wa moto, akaurusha kutoka kiganja hiki kwenda hiki huku anaupuliza. Akachota chumvi kwa vidole viwili, akainyunyiza juu. Akaukunja kama mkeka. Kisha akauweka kwenye ngumi akaubana kwa nguvu zake zote, uso umekunjamana, na alipofungua mkono mkate ulikuwa na alama za vidole vyake vinne.

"Aprieta," alisema. "Mama anasema aprieta."

Neno hilo nalijua. Ndilo alilokuwa ananiambia Rosaura tukifunga marobota kwa kamba: kaza, bana. Lakini hili la chumvi sikulijua. Sikuwahi kuliona. Asubuhi zote hizo mimi nilikuwa Baiyun napokea wateja, au barabarani na mizigo. Mikate niliikuta jioni, imepoa, naila na maharage kama mtu anayekula chapati.

Nikamuuliza mama alikuwa anafanya hivyo lini.

"Kabla ya uji. Mimi nimesimama pale." Akaonyesha, kati ya friji na mlango. "Halafu anasema hii ni ya sisi tu."

Akanitengenezea na mimi mmoja. Nilikula nimesimama pale, kati ya friji na mlango. Chumvi, mahindi na joto la mkono wa mtoto. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo. Nimeshajaribu na nimefuta.

Ninachoweza kusema ni kwamba wiki mbili nimezunguka mji mzima nikitafuta kitu cha kumpa mtoto ili asimsahau mama yake, na katika nyumba hii aliyekuwa hana kitu hicho ni mimi.

Saa mbili sasa. Huko kumekucha. Napiga.

*

Saa tatu usiku. Narudi kuandika.

Bibi Eulalia alikuwa jikoni kwake, amejifunga shali, moto nyuma yake. Sikuanza na maneno. Nilimwomba Neema afanye mmoja mbele ya simu. Chumvi, kunja, bana. Bibi akainua mkono wake mwenyewe, mtupu, akaufunga ngumi, akauacha hewani hivyohivyo. Neema akamwambia "aprieta" na bibi akaitikia, na wakaanza kuzungumza, maneno machache, mengine mabovu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu mtoto hakunigeukia.

Baadaye nikachukua simu. Nilikuwa nimeandika sentensi zangu kwenye karatasi lakini sikuzisoma. Nilisema: Mama, Neema atabaki na mimi. Shule ikifungwa tutakuja wote wawili, tutakaa kwako, tutaenda kaburini. Nilisema na lile lililonitoka bila kupanga, kwamba hata mkate ungeharibika leo, ningesema hivyohivyo. Nilipolisikia likitoka mdomoni ndipo nilijua ni kweli.

Nilisikia jogoo wake. Bibi alifuta meza ambayo naamini ilikuwa safi.

Kisha akasema amekasirika. Akasema atanikasirikia mpaka tufike, na tusichelewe, kwa sababu yeye ni mzee na hasira zinamchosha.

Nikamwambia, sawa, Mama.

Hakukata simu. Akauliza kama nilisaga mara moja au mbili. Nikamwambia mbili. Akasema inaonekana, halafu ndipo akakata.

Sijui kama nimeamua vizuri. Kuna mtu leo, milimani huko, anakunywa kahawa yake peke yake kwa sababu yangu, na hilo halitaniacha nilale fofofo. Nimefuta sakafu tena. Imeteleza tena. Lakini nimekaa, na ukurasa huu mzima nimeumaliza bila kusimama.

Neema amelala. Kabla ya kulala ameagiza miwili ya chumvi kabla ya shule. Donge liko kwenye friji, nimelifunika kwa kitambaa kibichi. Mteja wa asubuhi nimeshamwandikia apande treni, tutakutana mjini.

Kesho sitoki kabla hajaamka.